Vikao Vitano Milimani: Tathmini ya Kituo Kimoja cha Ushauri Nasaha Kisumu

Kituo ninachokitathmini kiko mtaa wa Milimani jijini Kisumu, katika ghorofa ya kwanza ya jengo ambalo chini yake kuna daktari wa meno na duka la dawa. Jina lake silitaji, kwa kuwa yapo humu malalamiko ambayo nimekwisha kuyapeleka kwa wasimamizi wenyewe, na kwa kuwa ninachotaka msomaji akipime ni huduma, si kibao cha mlangoni. Huduma hiyo ni ya aina mbili zilizofumwa pamoja: msaada wa dharura kwa mtu aliyezidiwa na mawazo, na baada yake tiba fupi ya vikao vitano yenye mwanzo, mwisho na kazi maalumu ya kila wiki. Niliingia pale nikiwa mteja, tena mteja wa kuburutwa, wala sikuwa na nia ya kuandika chochote.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nilikuwa nimechukua mkopo wa Sh480,000 katika chama chetu cha akiba na mikopo, nikashirikiana na shemeji yangu kufuga ngege katika vizimba ziwani, biashara ambayo kwa msimu mmoja ilitulipa vizuri hata tukaanza kuzungumzia kizimba cha tano. Masika ya mwaka 2025 upepo ulivuma usiku kucha, maji ya chini yasiyo na hewa yakapanda juu, na samaki wetu, ambao hawangeweza kukimbilia kwingine kama wenzao walio huru ziwani, wakafa wote kabla ya jua kuchomoza. Tuliwakuta matumbo juu, mawimbi yakiwasukuma kwenye nyavu na kuwarudisha. Mkopo ule ulikuwa na wadhamini wanne, wote walimu wenzangu, na tangu siku hiyo kila nilipoingia chumba cha walimu niliona mishahara yao kabla sijaziona nyuso zao.

Kufikia wiki ya tatu nilikuwa silali, sili, na nimeanza kuamini kwamba nyumba yangu ingepumua vizuri zaidi bila mimi. Mke wangu aligundua kwa jambo dogo: nilikuwa nimeandika namba za siri za simu na benki kwenye karatasi, nikaiweka ndani ya Biblia yake, kwenye Zaburi. Hakuniuliza neno. Alimpigia kaka yake, ambaye ndiye mshirika wangu wa vizimba, na saa mbili na nusu asubuhi shemeji huyo alikuwa sebuleni kwetu akizungumza na kituo kwa simu.

Hapo ndipo ninapoanza kutoa alama, na alama za mwanzo ni za juu. Aliyepokea simu hakutupa nafasi ya Jumatatu wala hakututaka tujaze fomu kwanza. Aliuliza kama niko peke yangu, kama kuna kitu nyumbani ninachoweza kujidhuru nacho, na kama ninaweza kufika kabla ya saa tano. Kisha akasisitiza nisiachwe peke yangu njiani, hata kama ni kwa bodaboda, basi tupande watu wawili. Saa nne na robo nilikuwa pale.

Mapokezi ni habari nyingine. Benchi la chini ni la pamoja, wagonjwa wa meno na wateja wa juu, na msichana wa mezani aliinua sauti mbele ya wote: “Wa ushauri nasaha ni nani?” Mzazi wa mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, aliyekuwa ameshika shavu, aligeuka pamoja na wengine. Tukasalimiana. “Mwalimu, kumbe hata wewe jino?” akaniuliza, nami nikaitikia kwamba ndiyo, ni jino. Nilipanda ngazi na uongo huo, na ninakiri kwamba kama shemeji hangekuwa nyuma yangu ningegeuka nikaondoka. Kituo kinachopokea watu walio ukingoni hakina udhuru wa kuwatangaza kwenye benchi, hasa katika mji kama Kisumu ambako mwalimu aliyefundisha miaka kumi na minane hajui ni nani asiyemjua.

Mshauri aliyenipokea ni mwanamke wa makamo. Nilimwita daktari, akanisahihisha papo hapo: “Mimi si daktari, Mwalimu. Niite dada, inatosha.” Aliniuliza tutumie lugha gani, nikachagua Kiswahili, ingawa sote wawili tungeweza Kidholuo, kwa sababu kwa Kiswahili niliweza kuyasema mambo yale kana kwamba ni ya mhusika katika ufahamu. Neno moja tu lilibaki la Kidholuo muda wote, paro mang’eny, yaani mawazo mengi, ambalo ndilo jina la hali hii kwa watu wa kwetu, kama vile Washona wa Zimbabwe wanavyoiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi.

Alinisomea maswali tisa ya dodoso ambalo hutumika katika nchi nyingi kupima mfadhaiko. Kila jibu hupewa sifuri hadi tatu, kuanzia hapana kabisa hadi karibu kila siku, na jumla ya juu kabisa ni 27. Mimi nilipata 19. Swali la tisa ni la mawazo ya kufa au kujidhuru, na alipolifikia hakulipita kwa haraka kama mtu anayeruka dimbwi. Aliweka kalamu mezani akauliza kwa sauti ile ile aliyouliza nayo habari za usingizi: “Umefikiria kujiua?” Wengi wetu huliogopa neno hilo, tukidhani kwamba kulitaja ni kuliita, ilhali tafiti zilizochunguza jambo hili zimeonyesha kwamba kuuliza hakumpandii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Nilijibu ndiyo. Kisha nikauliza swali ambalo leo linanichekesha, kama atalazimika kuwaarifu polisi.

Halikuwa swali la kutunga. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa linaloweza kumfunga mtu hadi miaka miwili, mpaka Mahakama Kuu, kwa uamuzi wa Jaji Lawrence Mugambi wa tarehe 9 Januari 2025, ilipotamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mimi sikuwa nimejaribu chochote, hivyo sheria haikunihusu hata zamani, lakini mtu aliye katika hali ile hasomi sheria kifungu kwa kifungu. Dada alinieleza kwa sentensi mbili, akaongeza kwamba siri yangu ni yangu isipokuwa pale atakapoona maisha yangu yamo hatarini, na hapo atawaambia watu ambao mimi mwenyewe nitawataja. Nilimtaja shemeji, ambaye alikuwa nje akitembea ukumbini.

Baada ya hapo tukaandika, na hiki ndicho kipande cha huduma ambacho ningekilipia mara mbili. Ni karatasi moja ya mpango wa usalama, yenye sehemu sita, na kila neno ni la mteja mwenyewe. Sehemu ya kwanza ni dalili kwamba hali inakuja, nami nikaandika: kuamka saa tisa usiku na kuanza kugawanya deni kwa wadhamini wanne. Ya pili ni ninachoweza kufanya peke yangu, nikaandika kusahihisha insha, kwa sababu kazi hiyo hainiachii nafasi ya kuwaza kitu kingine. Ya tatu ni watu na mahali pa kunitoa mawazoni bila kulazimika kueleza lolote. Hapo nikaandika mazoezi ya kwaya na kibanda fulani cha chai karibu na soko la Kibuye. Ya nne ni watu ninaoweza kuwaambia ukweli, ya tano ni wataalamu na namba zao. Ya sita, ambayo ilichukua muda mrefu kuliko zote, ni kuifanya nyumba iwe salama. Dada aliuliza kuhusu dawa za shambani, kwa kuwa tuna ekari moja ya mahindi, na hakuridhika na jibu langu kwamba nitazifungia. Alimwita shemeji ndani, wakakubaliana mbele yangu kwamba zitahamia kwake siku hiyo hiyo, na jioni akampigia kuhakikisha kwamba zimehama.

Karatasi hiyo haikubuniwa Milimani. Ilitungwa Marekani na Barbara Stanley na Gregory Brown, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliowafuatilia wagonjwa zaidi ya 1,600 katika vyumba vya dharura vya hospitali za maveterani, ulionyesha kwamba waliopewa mpango huo walikuwa na matendo ya kujidhuru pungufu kwa asilimia 45 katika miezi sita iliyofuata, wakilinganishwa na waliopata huduma ya kawaida. Ninaomba msomaji aishike habari hii, hasa sehemu yake moja ambayo watu huisahau: wagonjwa wale hawakupewa karatasi peke yake, bali walipigiwa simu baada ya kuondoka, mara kadhaa, kuulizwa hali na kupitia mpango upya. Nitarudi hapo.

Jambo jingine lililonipendeza siku ile ya kwanza ni kile ambacho dada hakukifanya. Hakunitaka nisimulie usiku wa samaki mwanzo hadi mwisho. Msaada wa dharura una historia yake. Husemwa kwamba chimbuko lake ni kazi ya daktari Erich Lindemann baada ya moto wa ukumbi wa Cocoanut Grove mjini Boston, Novemba 1942, ulioua watu 492, alipochunguza jinsi waliofiwa wanavyoomboleza na jinsi msaada wa mapema unavyoweza kuwainua. Miaka ya baadaye ilizuka desturi ya kuwaketisha walionusurika mara moja na kuwataka waeleze kila kitu walichokiona, kikao kimoja, basi. Mapitio ya tafiti yakaonyesha kwamba kikao cha namna hiyo hakizuii madhara ya mshtuko, na kwa wengine huenda kikayaongeza. Shirika la Afya Duniani sasa hufundisha njia ya upole zaidi: angalia, sikiliza, unganisha. Niliyasoma hayo baadaye, lakini siku ile niliyaona yakitendeka. Aliponiona nimenyamaza kwenye habari za vizimba aliacha, akauliza kama nimekula.

Kisha akanipeleka kwingine, na hili nalihesabu kuwa jambo la uaminifu kuliko yote. Tiba fupi wanayoiuza, ambayo Shirika la Afya Duniani liliichapisha mwaka 2016 na kwa Kiswahili tunaweza kuiita Kukabili Matatizo, ina sharti katika mwongozo wake kwamba mtu aliye katika hatari ya karibu ya kujiua asianzishwe vikao, bali apelekwe kwanza kwa wahudumu wenye uwezo wa kumpima na kumlinda. Kituo kingeweza kuchukua fedha zangu za kikao cha kwanza siku hiyo, nami nisingejua tofauti. Badala yake nilipewa barua, nikaenda na shemeji hospitali ya umma, nikaonwa, nikaandikiwa dawa ya mfadhaiko, na baada ya siku tisa, daktari aliporidhika, ndipo vikao vikaanza. Kwa sababu hiyo sitadai hapa kwamba vikao peke yake viliniinua; dawa ilikuwemo, mke alikuwemo, na siwezi kuigawa nafuu hiyo kwa mizani.

Vikao ni vitano, kimoja kila wiki, dakika 90 kila kimoja. Cha kwanza kilikuwa cha kuelewa kinachotokea mwilini mtu anapozidiwa, pamoja na zoezi la kupumua polepole, kwa tumbo, ukihesabu hadi tatu unapovuta na hadi tatu unapotoa. Niliona ni mchezo wa watoto wa chekechea. Kuta za chumba kile ni za mbao nyembamba na mashine ya daktari wa meno ilikuwa ikilia chini yetu, nami nikahesabu moja, mbili, tatu huku nikingoja mtu fulani apige kelele. Usiku wa nne wa kujaribu nyumbani nililala hadi saa kumi na moja alfajiri, na tangu hapo sikulicheka tena.

Kikao cha pili ndicho ningekieleza kwa mtu yeyote mwenye deni. Dada alinipa karatasi yenye safu tatu: matatizo yanayoweza kutatuliwa, yasiyoweza kutatuliwa, na yasiyo na uzito. Nilikuwa nimekuja na kitu kimoja kikubwa kama mlima, deni, na kazi yake ikawa kunifanya nikipasue. Samaki wamekufa, hilo likaenda safu ya pili, na tukaliacha huko bila kulibembeleza. Watu wa mtaani wanasema nini, safu ya tatu. Katika safu ya kwanza yakabaki mambo mawili: wadhamini hawajaambiwa chochote na mimi mwenyewe, na chama hakijaandikiwa barua ya kuomba kupanga upya malipo. Tukachagua la kwanza, tukaorodhesha kila njia hata za kipumbavu (moja ilikuwa kuhamia Turkana), tukachagua njia moja, tukaivunja hadi hatua iliyo ndogo kiasi cha kutisha kidogo tu. Hatua yangu ya wiki ile haikuwa kuwaeleza wote wanne. Ilikuwa kumwambia mmoja, mwalimu wa hesabu, baada ya kipindi cha mwisho Alhamisi.

Nilimwambia. Alinisikiliza akifuta chaki kwenye vidole, akasema: “Ndugu yangu, habari hii tuliisikia siku ile ile. Tulikuwa tunangoja ufungue mdomo.” Wiki iliyofuata wote wanne waliandamana nami hadi ofisi za chama, na malipo yakanyooshwa kwa miezi ishirini zaidi. Deni liko pale pale, tena riba imeongezeka; sitaki mtu adhani kwamba ushauri nasaha hulipa mikopo.

Kikao cha tatu kilikuwa cha kurudisha shughuli ambazo mtu aliziacha, kidogo kidogo, bila kungoja hamu ije kwanza. Kwangu ilikuwa kwaya na kuandamana na wanangu sokoni Jumamosi. Cha nne kilihusu kuimarisha watu walio karibu nawe. Hivi viwili vilipita bila jambo kubwa, isipokuwa kwamba cha tatu ndicho kilichonipa lalamiko la pili, nalo nitalieleza hivi punde. Cha tano kilinishangaza. Dada alinisomea kisa cha mama muuza samaki aliyelemewa na mikopo ya vikundi, akaniuliza, kama mama huyo angekuwa dada yangu, ningemwambia afanye nini. Nikaanza kumweleza kuhusu kupumua, kuhusu safu tatu, kuhusu kumwambia mtu mmoja kwanza, nikajiona nimeshika chaki hewani. Mwongozo umekusudia hivyo: anayeweza kumfundisha mwenzake amekwisha kuishika njia. Tukarudia yale maswali tisa, nilipata 6.

Wapo watakaouliza vikao vitano vinaweza kutibu nini, na swali hilo ni la haki. Njia hii ilijaribiwa kwa mpango wa kisayansi, makundi yakiteuliwa kwa bahati nasibu, huko Peshawar nchini Pakistan, na pia hapa kwetu Nairobi miongoni mwa wanawake ambao wengi wao walikuwa wamepitia ukatili wa kijinsia, na katika majaribio yote mawili waliopata vikao walipungukiwa na dhiki kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nairobi waliotoa tiba walikuwa wahudumu wa afya ya jamii waliofunzwa kwa muda mfupi na kusimamiwa kila wiki, si wanasaikolojia. Upande wetu wa Magharibi nao si mgeni katika mambo haya: huko Bungoma, pamoja na Moshi nchini Tanzania, watoto 640 waliofiwa na wazazi waliingizwa katika utafiti wa tiba ya vikundi kwa ajili ya mshtuko na majonzi, uliochapishwa mwaka 2020, na walioongoza vikundi walikuwa watu wa kawaida wa eneo hilo. Kisumu kwenyewe watafiti wamejaribu tiba inayoshughulikia mahusiano ya watu miongoni mwa wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Ufupi wa tiba, kwa hiyo, haunipi shida, na anayeidharau kwa kuwa haichukui mwaka mzima anapima dawa kwa ukubwa wa chupa.

Shida yangu ni kwamba tafiti hizo zote zilijaribu kifurushi kizima, na kituo hiki kinauza kifurushi nusu.

Chukua kikao cha tatu. Nilifika nikamkuta kijana wa mafunzo kazini amekaa kwenye kiti cha dada, akaniambia kwamba mshauri wangu yuko kwenye semina na kwamba yeye ataendelea. Sikuulizwa. Nimekwisha kusema kwamba mtu wa kawaida aliyefunzwa anaweza kuitoa tiba hii vizuri, na kijana yule kwa kweli hakukosea hatua hata moja. Lakini wahudumu wale wa Nairobi walikuwa na msimamizi wa kuwauliza. Nilipomuuliza kijana nani anamsimamia wiki ile, alitazama mlango. Mteja ana haki ya kuambiwa mapema na kukataa, hasa mteja ambaye wiki chache zilizopita alikuwa hawezi kuachwa peke yake kwenye bodaboda.

Zito zaidi ni simu ya usiku. Kipeperushi nilichopewa siku ya kwanza kilikuwa na namba iliyoandikwa kwa herufi nene kwamba inapokelewa saa 24, na namba hiyo ndiyo tuliyoiweka juu kabisa kwenye sehemu ya tano ya mpango wangu. Usiku mmoja, kati ya kikao cha kwanza na cha pili, niliamka saa tisa kama kawaida na hesabu zikaanza. Nilifuata karatasi. Nilisahihisha insha sita. Hazikutosha, nikapiga namba ile mara tatu, ikaita hadi ikakatika mara zote tatu. Nikapanda mstari mmoja juu, kwenye watu wangu, nikampigia shemeji, naye akaja kwa pikipiki yake akiwa amevaa koti juu ya nguo za kulalia, tukakaa jikoni tukanywa chai hadi majogoo.

Karatasi ilifanya kazi kwa sababu ilikuwa na mistari mingine. Lakini nirudi kwenye ule utafiti wa mwaka 2018: kilichopimwa pale kilikuwa karatasi pamoja na simu. Hakuna aliyenipigia hata mara moja kati ya kikao kimoja na kingine; simu pekee ilikuwa ile ya jioni ya dawa za shambani, nayo alipigiwa shemeji. Nilipowaeleza wasimamizi, walinijibu kwa adabu kwamba mlinzi wa zamu ndiye hukaa na simu ile usiku na kwamba huenda alikuwa ameiacha kwenye chaji. Nilinyamaza kidogo hapo. Namba ya dharura isiyopokelewa ni mbaya kuliko kutokuwa na namba, kwa sababu aliye ukingoni huhesabu kila mlio usiojibiwa kuwa jibu.

Yeyote anayetaka kwenda kituo cha namna hii ajue pia ambao hakiwafai. Mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, aliyepandwa na msisimko wa siku kadhaa bila usingizi, anayetetemeka kwa kuacha pombe ghafla, au aliyekwisha kujidhuru, huyo asipoteze saa moja Milimani. Aende moja kwa moja kwenye idara ya dharura, iwe Russia, kama sisi wa Kisumu tunavyoiita bado Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, au hospitali ya kaunti iliyo karibu. Na kabla ya kumlipa mshauri yeyote, uliza kama amesajiliwa chini ya sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014. Wa kwangu alinionyesha cheti bila kununa.

Kwa upande wa gharama, nililipa Sh1,800 kwa kila kikao kwa M-Pesa, na siku ile ya dharura hawakunitoza mpaka niliporudi. Kwa mshahara wa mwalimu mwenye deni si kidogo, ila kwa kuwa nilijua tangu mwanzo kwamba ni vikao vitano tu, niliweza kuvipangia, tofauti na matibabu ambayo huwezi kujua yataisha lini. Fomu ya kujiandikisha ni ya Kiingereza kitupu, jambo ambalo kwangu halikuwa tatizo, lakini mama niliyemkuta benchini akiishika juu chini alihitaji kusomewa na mlinzi, pamoja na maswali ya siri yaliyomo.

Nilirudi mwezi uliopita kuchukua stakabadhi. Siku hizi benchini watu hupewa vibati vyenye namba, wa meno na wa ushauri kwa pamoja, na msichana wa mezani huita namba tu. Kipeperushi nacho ni kipya. Maneno “saa 24” yameondolewa, na mahali pake pameandikwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na chini yake, kwa herufi nene zile zile, namba mbili ambazo si zao: 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, isiyo na malipo, na 0722 178 177 ya Befrienders Kenya. Nilimwomba msichana wa mezani kalamu, nikatoa karatasi yangu kwenye pochi, nikaifuta namba ya zamani katika sehemu ya tano.